Ruzuku ya Vijana Haigawiwi Mkononi

Ruzuku ni fedha ya umma ambayo aliyeipokea hairudishi, lakini huitolea hesabu. Mkopo usio na riba ni fedha ya umma inayorudishwa yote, ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba. Tofauti ni hiyo tu, na haihitaji elimu ya uchumi kuielewa. Hata hivyo, katika ofisi za kata nchini Tanzania swali ni lile lile mwaka hadi mwaka: "Ruzuku ya vijana inatoka lini?" Swali hilo limekosewa mara mbili. Wengi wanaouliza wanasubiri mkopo, si ruzuku. Na ruzuku yenyewe ipo, ila haipiti mkononi mwa kijana.

Mkopo unaozungumzwa ni ule wa asilimia 10. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani, baada ya kuondoa mapato lindwa (yaliyokwishapangiwa matumizi maalumu), na kuvikopesha vikundi bila riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo utengaji huo ulitegemea maagizo na utashi wa halmashauri, na zipo zilizokuwa zikipitisha mwaka mzima bila kutoa chochote. Sheria imeondoa hiari hiyo, lakini haikugeuza mkopo kuwa zawadi.

Imani kwamba fedha hii ni ya bure ndiyo inayoharibu mambo, na imekwishaleta hasara ya kutosha. Huanza na usemi kwamba hela ya serikali haina mwenyewe. Mwenyewe yupo. Halmashauri inayobaki na shilingi bilioni 2 za mapato ya ndani baada ya kuondoa mapato lindwa hutenga milioni 80 kwa vijana. Vikundi vinne vikikopeshwa milioni 20 kila kimoja, fedha za mwaka huo zimekwisha. Kikundi cha tano hakina pa kuchukua isipokuwa kwenye marejesho ya vile vinne. Vijana wa mtaa wa pili walioambiwa "fungu limeisha" hawakunyimwa na serikali peke yake. Wamenyimwa pia na wenzao waliogawana fedha siku ilipoingia benki na kila mmoja akashika njia yake.

Mgawano huo una utaratibu wake unaojulikana. Mtu mmoja mwenye shida ya mtaji hukusanya majina ya ndugu na majirani, huwapiga picha, huandaa katiba na muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika, kisha husajili kikundi. Mkopo ukitoka, kila aliyetoa jina hupewa chochote na mratibu hubaki na sehemu kubwa. Baada ya miezi michache afisa maendeleo ya jamii akifika kukagua mradi wa kuku, hakuna kuku, hakuna banda, na mwenyekiti amehama. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza mara kwa mara mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyojulikana viliko. Matokeo yake yalionekana Aprili 2023, serikali iliposimamisha mikopo hii nchi nzima. Ilirejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikichaguliwa kujaribu kukopesha kupitia benki. Katika kipindi hicho chote, hata kikundi kilichokuwa kimelipa deni lake lote bila kukosa mwezi hakikuweza kukopa tena.

Zipo hoja za kutetea kutolipa, na hakuna hata moja inayosimama. Inasemwa kwamba wakubwa nao wanakula. Kama wanakula, hilo ni kosa la jinai lenye vyombo vyake, na halifuti deni la kikundi. Inasemwa kwamba uchaguzi ukipita madeni husamehewa. Mkataba wa mkopo una majina na saini za wanakikundi, na hausemi lolote kuhusu uchaguzi. Aliyetoa jina lake "kusaidia tu" amesaini deni.

Imani hiyo ya fedha ya bure ndiyo inayomlisha kishoka, yaani dalali asiye rasmi. Huyu huuza vitu vitatu: fomu, andiko la mradi, na ahadi ya "kufuatilia". Fomu haiuzwi. Ufuatiliaji anaoahidi hauna maana yoyote kama hana rushwa ya kumpa mtu, na kama anayo, anayemlipa ameingia naye katika kosa. Kilichobaki ni andiko, na hapo ndipo vijana wengi hupoteza fedha zao kwa sababu karatasi zinaonekana za kitaalamu. Andiko la kishoka huwa limenakiliwa. Mradi wa kuku ulioandikwa kwa ajili ya mji wenye hoteli hubadilishwa jina la kata na kupelekwa kijijini kusiko na mnunuzi wa mayai mia kwa siku. Bei ya vifaranga humo ni ya miaka iliyopita, na gharama ya chakula cha kuku, ambayo ndiyo huwafilisi wafugaji, imewekwa mstari mmoja. Mwanakikundi akiulizwa na kamati ya mikopo kuku mmoja anakula kiasi gani kwa wiki, hana jibu. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono na mtu anayejua jibu hilo una thamani kuliko kurasa 20 zilizopigwa chapa.

Ruzuku halisi hupita njia nyingine, ya mafunzo ya ufundi. Sheria Na. 1 ya 1994, ambayo ndiyo iliyounda VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi), iliweka tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na waajiri. Leo humgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na kiwango chake kilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023. Tangu mwaka wa fedha 2016/17 serikali imekuwa ikiendesha programu ya kukuza ujuzi inayolipia uanagenzi, yaani mafunzo ambayo sehemu kubwa hufanyika karakana au mahali pa kazi na sehemu ndogo darasani, pamoja na urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza mtaani hupimwa na VETA na kupewa cheti. Mfuko wa Kuendeleza Ujuzi ulioratibiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania ulitoa ruzuku kwa taasisi za mafunzo. Katika mipango hii chuo hulipwa na kijana hufundishwa bila kulipa ada. Wanaolalamika kwamba fedha haikuwafikia wakati wamekaa miezi kadhaa karakana bila kudaiwa ada wameipokea tayari.

Pengo la kweli liko kwingine, nalo halizungumzwi vya kutosha: kijana huhitimu ushonaji bila cherehani, au uchomeleaji bila mashine. Uganda imetoa ushahidi mzuri zaidi juu ya jambo hilo katika ukanda huu. Mwaka 2008, kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikitoka vitani, serikali ilitoa ruzuku kwa vikundi vya vijana ili wajifunze ufundi na kununua vifaa. Vikundi 535 vilipita mchujo, fedha zikatosha 265, na waliopata wakapatikana kwa bahati nasibu. Kila kijana alifikiwa na wastani wa dola 382, karibu kipato chake cha mwaka mzima. Watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez waliwafuatilia. Zaidi ya nusu ya fedha ilikwenda kwenye vifaa na takriban sehemu ya kumi kwenye mafunzo. Kikundi kilikuwa njia ya kupokelea fedha, lakini wengi walifanya kazi kila mtu na ufundi wake. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38 kuliko cha waliokosa.

Baada ya miaka tisa waliokosa walikuwa wamewafikia kwa kipato, ingawa waliopata bado walikuwa na mali zaidi. Ruzuku iliwatanguliza njiani, haikuwapa utajiri wa kudumu. Na iliwatanguliza kwa sababu iligeuka randa, cherehani na mashine ya kuchomelea. Mpango wowote unaojivunia idadi ya vyeti bila kuhesabu vifaa umeacha nusu ya kazi.

Kwa anayetaka kuanza nchini Tanzania, njia ni chache na ziko wazi. Asiye na ufundi aulize chuo cha VETA au mojawapo ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo viko 54, lini nafasi za uanagenzi zinazolipiwa na serikali zinatangazwa. Fundi asiye na cheti aombe kupimwa, asirudi darasani kujifunza anachokijua. Mwenye ufundi asiye na vifaa aungane na wenzake wanaofahamiana kwa kazi, wasajili kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii, wafungue akaunti, wakope kiasi ambacho mauzo ya miezi mitatu iliyopita yanaonyesha wanaweza kukirejesha, na wanunue vifaa kabla ya kitu kingine. Kikundi kinachozalisha tayari kijisajili pia katika mfumo wa manunuzi wa NeST, kwa kuwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu. Madawati ya shule na sare za wanafunzi hutengenezwa na mafundi hao hao.

Anayeombwa fedha ili apewe fomu, au ili jina la kikundi chake lipite, apige simu TAKUKURU (Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa) kwa namba 113. Simu hiyo hailipiwi.