Trekta ikigoma kuwaka: Fuata njia ya umeme kabla ya kununua stata

DODOMA ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Mkulima wa Kongwa, Chamwino au Bahi akichelewa kulima, mtama na alizeti yake huweza kukosa mvua wakati wa kuchanua. Trekta inayogoma kuwaka wakati huo ni hasara kwa mwenye nayo na kwa wote wanaosubiri kulimiwa.

Tuseme trekta inalima eka 8 kwa siku kwa Sh50,000 kila eka. Siku 3 za kumsubiri fundi ni Sh1,200,000 zilizopotea. Mara nyingi kinachohitajika ni spana na kipande cha msasa.

Kongwa inalijua somo hili. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 uliachwa mwaka 1951. Moja ya sababu ni matrekta mengi, yakiwemo yaliyobaki vitani, kuharibika bila vipuri na mafundi wa kutosha.

Kiangazi ndicho adui

Trekta ikikaa miezi kadhaa bila kazi, betri hupoteza chaji yenyewe, na joto huongeza kasi hiyo. Vichwa vya betri huota ukungu mweupe au wa kijani, na panya hutafuna nyaya. Mwenye trekta hugundua hayo siku ya kwanza ya kulima.

Fuata njia

Umeme hutoka kwenye betri, hupita swichi ya ufunguo na swichi ya usalama, hufika kwenye solenoidi, ndipo stata huzunguka. Dalili huonyesha mahali ulipokwama.

1. Taa za dashibodi haziwaki kabisa. Fungua vichwa vya betri, visugue kwa msasa na uvikaze. Kagua waya wa hasi pale unapofungwa kwenye chuma cha trekta, kisha fyuzi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6 kwenye mita. Chini ya 12 imekwisha chaji.

2. Stata inagonga “ka-ka-ka” bila kuzunguka. Betri ni dhaifu au waya mkubwa umelegea. Chaji betri kwanza, usikimbilie kununua mpya.

3. Taa zinawaka, stata kimya. Weka gia huru na ukanyage klachi, kwani matrekta mengi yana swichi ya usalama inayozuia kuwasha yakiwa kwenye gia. Ikiendelea kugoma, chukua balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili. Moja iguse waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi, nyingine iguse chuma. Hakikisha gia iko huru na breki imefungwa, kisha mwenzako aliyekaa kwenye kiti azungushe ufunguo. Balbu ikiwaka, umeme unafika. Ugonjwa uko kwenye solenoidi au stata. Isipowaka, tafuta kwenye swichi na nyaya.

4. Stata inazunguka kwa nguvu, injini haiwaki. Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli. Angalia mafuta, chujio, hewa iliyoingia kwenye mabomba na kifaa cha kuzimia injini.

Bisibisi huua

Wapo wanaogusisha nati za stata kwa bisibisi wakiwa wamesimama karibu na tairi. Njia hiyo huiruka swichi ya usalama. Trekta ikiwa kwenye gia, itawaka na kumpanda aliyeiwasha. Washa ukiwa umekaa kwenye kiti, na usiunganishe nyaya kuikwepa swichi hiyo. Kabla ya kugusa nyaya kubwa, fungua kwanza kichwa cha hasi. Usiwashe kiberiti karibu na betri inayochajiwa, kwa kuwa hutoa gesi inayolipuka.

Gharama ndogo ya mapema

Mwezi Mei, kazi ikiisha, safisha vichwa vya betri, vipake grisi na ufungue kichwa cha hasi. Chaji betri kila mwezi, na kama ni ya kuongezwa maji, ongeza yaliyosafishwa, si ya bomba. Oktoba washa trekta na upime tena: injini ikinguruma, mita isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya hapo, huenda altaneta haichaji vizuri, na fundi bado ana nafasi kabla ya mvua.