LEHEMU IPI KWA REDIO ZA ZAMANI?



Wanachama wanalalamika kuwa redio ya zamani ikirudi karakana mara ya pili, tajiri humkata fundi mshahara. Basi kabla ya kukubali kukatwa, itazameni lehemu mliyopewa.

Redio zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2006 karibu zote ziliunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi. Tarehe 1 Julai mwaka huo sheria ya nchi za Ulaya ilianza kuzuia risasi katika vyombo vingi vipya vya umeme, ndiyo maana siku hizi madukani kuna lehemu isiyo na risasi. Hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 217 hadi 227 za Selsiasi. Joto hilo la ziada hubandua upesi njia za shaba kwenye ubao wa kale.

Kwa redio hizo dai waya ulioandikwa 60/40, yaani sehemu 60 bati na 40 risasi. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 na kumaliza karibu 190. Wa 63/37 ni bora zaidi: huyeyuka na kuganda papo hapo kwenye 183, hivyo kiungo hakitikisiki kikiwa nusu maji.

Ndani ya waya uwemo utomvu wa msonobari. Lehemu ya mafundi bomba yenye tindikali ni rahisi, na matajiri wengine huipenda kwa sababu hiyo tu. Siku ya kwanza inang'aa. Baada ya miezi shaba inakuwa kijani na waya mwembamba unakatika. Hapo aulizwe aliyenunua, si aliyelehemu.

Walio vyuoni wenye osiloskopu za Tektronix za miaka ya 1950 na 1960 wajue kuwa vishikizo vyake vya kauri hutaka lehemu yenye fedha kiasi cha asilimia 3. Ya kawaida hula fedha iliyopakwa pale, kiungo kikaachia.

Sasa afya. Moshi mnaouona ni wa utomvu, nao unaweza kuleta pumu, basi madirisha yawe wazi. Risasi yenyewe huingia kwa mdomo: vidole, mkate, sigara. Vijana wanaoshika waya kwa meno waambiwe waache. Kamati ya tawi idai maji, sabuni, na mahali pa kulia mbali na meza ya kazi.