Kabla ya kuuliza namba ya f, pima chumba

Kamera nyingi za mtumba zinazofika makazi ya wakimbizi ya Nakivale huja na lenzi yake ya 18-55mm, na malalamiko huwa yaleyale: nje picha safi, kanisani waimbaji wote ukungu. Kamera haina kosa. Lenzi hiyo ukiivuta hadi 55mm, mwanya wake haufunguki kupita f/5.6. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi: pale ulipolazimika kupiga kwa 1/15 ya sekunde, sasa unapiga kwa 1/125, na mkono wa mpiga ngoma hauachi mkia.

Ndipo kila mtu hukushauri ununue 50mm f/1.8 kwa kuwa ni rahisi. Kwa makazi haya mimi siafiki. Kamera hizo huwa na sensa ndogo, kwa hiyo 50mm huona kama 75mm au 80mm. Nakivale imepokea wakimbizi tangu miaka ya 1950, na hadi leo nyumba nyingi ni za udongo na mabati, vyumba vidogo, madirisha madogo zaidi. Utaegemea ukuta mgongo uchafuke, na bado upate uso na bega tu. Mama na wanawe hawaenei.

Mwenye Nikon aanze na DX 35mm f/1.8G, iliyotoka 2009. Kwa Canon ipo EF-S 24mm f/2.8: chumba kinaenea vizuri, ila mwanga wake haufiki nusu ya ule wa f/1.8, hivyo utapandisha ISO hadi 1600 au 3200. Chembechembe zitaonekana. Zivumilie. Ile 50mm ibaki ya kumbi za harusi za Mbarara, ambako una pa kurudi nyuma.

Mwanya mpana nao una gharama yake. Kwa 50mm kwenye f/1.8, ukiwa mita 1 kutoka kwa bibi harusi, sehemu iliyo kali haizidi sentimita 3. Akigeuza uso kidogo, jicho moja linakuwa kali na la pili limefifia. Kwaya ya safu mbili ipige kwa f/4, na uwasogeze karibu na mlango, mwanga uwapige ubavuni.

Ukienda Mbarara kununua, beba kamera yako. Nikon za D3000 hadi D3500 hazina mota ya kulenga ndani, na lenzi za zamani za AF-D zikifungwa humo itabidi ulenge kwa mkono, hata kama muuzaji ataapa kwamba ni nzima. Mulika kioo kwa tochi ya simu: ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, mrudishie. Isipokuwa nazo, fungua mwanya wote, mlenge muuzaji mwenyewe, tena kule ndani nyuma ya kaunta, siyo mlangoni kwenye jua, kisha uivute picha kwenye skrini utazame kope zake.