Amana ya Marehemu: Jinsi Gapi Jike Azaavyo Bila Dume

Msomaji wetu mmoja wa Tanga ametuandikia kuuliza jambo ambalo kwa dhahiri yake laonekana kuvunja kanuni ya maumbile: alinunua gapi majike watatu, akawaweka peke yao katika tangi la kioo pasipo dume hata mmoja, na baada ya wiki chache akakuta vifaranga wadogo mno wamejificha nyuma ya majani, mwezi uliofuata wakazaliwa wengine, na wa tatu wengine tena. Auliza, je, samaki hawa wajizalia wenyewe?

La, baba yupo, au alikuwapo. Sitakawia katika habari za chakula na kichujio, ambazo muuzaji yeyote wa samaki wa mapambo aweza kuzieleza. Yatosha kusema kwamba gapi hustawi katika maji ya nyuzi 24 hadi 27 yenye chokaa kiasi, na kwa hiyo watu wa mwambao, ambao visima vyao vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, hawana sababu ya kuhangaika. Linalostahili wino ni huyu baba asiyeonekana.

Gapi, ambaye asili yake ni vijito vya Trinidad na Venezuela, alielezwa na mtaalamu wa Kijerumani Wilhelm Peters mwaka 1859, lakini jina lililomganda ni la Robert Guppy, aliyepeleka samaki wa Trinidad London miaka michache baadaye. Dume ni mdogo mwenye rangi nyingi, na pezi lake la chini, nyuma ya tumbo, limerefuka na kuwa chombo cha kupitishia mbegu, nazo hazitoki mojamoja bali katika vifurushi vyenye maelfu ya mbegu kila kimoja. Tendo lenyewe halizidi kufumba na kufumbua. Vifurushi vikiisha kuingia kwa jike husambaratika, baadhi ya mbegu zikarutubisha mayai yaliyoiva, na zilizobaki zikajisitiri katika mikunjo ya ovari na ya njia ya uzazi, ambako huishi miezi mingi, zikijilisha sukari iliyomo katika majimaji ya humo. Na kwa kuwa samaki huyu hana mji wa mimba, yai hurutubishwa na mtoto hukua mumo humo ndani ya ovari, akilishwa na kiini cha yai lake kwa muda wa wiki nne hivi. Kisha, vifaranga wakiisha kuzaliwa, mayai mapya huiva, na mbegu zilizokuwa zikingoja hupata kazi.

Baadhi yetu huliita jambo hili ghala la mbegu. Neno hilo halinitoshi, kwa sababu ghala halijali mwenye mali ni nani. Mimi naliita amana ya mbegu. Fikiri tajiri wa Lamu wa zamani, aliyesafiri na pepo za kusi kwenda Arabuni, akaacha mali yake mikononi mwa mwaminifu ili kila mwezi watoto wapewe riziki yao. Jahazi likazama, tajiri akafa, na riziki ikaendelea kutoka kana kwamba mwenyewe yu barazani. Tena mwaminifu huyo ana amana za matajiri kadhaa katika kasha moja, na iliyotiwa mwisho, kwa kuwa iko juu, ndiyo aghalabu ichotwayo kwanza: ndivyo ilivyo kwa gapi, ambaye vifaranga wake wa uzao mmoja huweza kuwa wa baba mbalimbali, na fungu kubwa mara nyingi huwa la dume wa mwisho. Wala hili si jambo la matangini tu, kwani mwaka 2013 Andrés López-Sepulcre, David Reznick na wenzao, waliowafuatia gapi wa kijito cha Trinidad na kutambua nasaba zao kwa vinasaba, walionyesha kwamba madume huendelea kupata watoto miezi kadhaa baada ya kufa kwao.

Basi jike aliyekomaa anunuliwaye dukani achukuliwe kuwa tayari ana mimba, na atakaye kuchagua rangi za kizazi chake hana budi kuanza na mwanamwali. Katika wiki ya tatu au ya nne, mtie kifaranga katika gilasi, umtazame kwa ubavuni: pezi la chini likibaki pana la pembetatu ni jike, likianza kuchongoka ni dume, naye atengwe siku hiyohiyo. Vichaka vya mimea ya majini viwe vingi, maana mama hula watoto wake, na wazidio wagawiwe majirani, wasimwagwe mtoni. Msomaji wetu naye atarajie uzao mwingine, pengine zaidi ya mmoja, mpaka amana iishe.