Mdomo wa Samaki Waonyesha Chakula Chake

Wenzetu wa vikundi, kabla hamjampara samaki wa mtoni, mtazameni kwanza. Ningu wa Nzoia na Sondu-Miriu ana mdomo uliokaa chini ya kichwa. Kwa huo anakwangua mwani, ule utelezi wa kijani juu ya mawe. Mpasueni: utumbo umejikunja-kunja, mrefu kupita mwili wake mara nyingi, maana chakula cha namna hiyo hakisagiki upesi.

Kambare ni mwingine kabisa. Kichwa bapa, mdomo mpana, macho madogo, na sharubu nane za kupapasia kwenye matope. Anakula wadudu, samaki wadogo, hata mizoga, na utumbo wake ni mfupi. Basi ukimtia kambare mkubwa bwawani pamoja na vifaranga vya ngege, usishangae!

Linalotusumbua ni udongo. Tukilima mpaka ukingoni, mvua inauteremsha mtoni, unafunika mawe na mwani hauoti. Kambare atavumilia. Ningu, ambaye nyavu za mlangoni mwa mto zilishampunguza sana, atakwangua nini? Tukiacha ukanda wa nyasi kando ya maji, udongo mwingi utanaswa hapo.