Njia za Kufikia Theluji ya Kilimanjaro

Katika nyanda zetu za Buha baridi si jambo geni. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai mtu wa Heru Juu hujifunika blanketi hata jua lipande. Walakini baridi hiyo haijapata kuyageuza maji ya mtungi kuwa jiwe. Mwenye kutaka kukanyaga theluji pasipo kutoka Tanzania hana budi kwenda Kilimanjaro, nasi leo twapenda kueleza jinsi ya kufika huko kutoka Mtendeli, maana wanafunzi wengi huujua mlima huo kwa kitabu, wala hawaijui njia.

Huko Ulaya, katika milima ya Alps, watu huiendea theluji kwa starehe. Nchini Uswisi gari la moshi limekuwa likipanda hadi Jungfraujoch, mita 3,454 juu ya bahari, tangu mwaka 1912. Msafiri hushuka kitini, na wengine huvaa mbao ndefu miguuni na kuteleza mteremkoni kwa mchezo. Mwaka ule ule wa 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walizichukua mbao za namna hiyo hadi juu ya Kibo. Lakini wao walipanda kwa miguu, na hata leo hapana reli wala motakaa ifikayo huko. Kwa hiyo safari yetu ina sehemu mbili: ya kufika chini ya mlima, na ya kupanda.

Njia ya kwanza ni ya reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na abiria wa Mtendeli hushuka kwa basi kupitia Kibondo na Kasulu ili kuipanda huko. Kasoro yake yaonekana mara moja: mlima uko mashariki, naye msafiri aanza kwa kuelekea kusini-magharibi! Hata hivyo yafaa kwa mwenye mizigo. Akipita Uvinza na Tabora akafika Dodoma, na ashuke hapo, apande basi la Kondoa, Babati, Arusha na Moshi. Akiwa na shughuli Dar es Salaam, ataikuta Dodoma treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024. Nasi twaona watu wangali wakiiita gari la moshi, ingawa moshi haina.

Njia ya pili ni ya barabara tupu, nayo ndiyo tunayoisifu zaidi kwa mtu wa Mtendeli. Huelekea kaskazini kupitia Kakonko hadi njia panda ya Nyakanazi, kisha Kahama, Nzega, Singida, Babati na Arusha. Si safari ya kukimbiliwa kwa siku moja. Ni heri kulala Kahama au Singida kuliko kufika Moshi umechoka. Njia ya tatu ni ndege, kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, na kutoka huko hadi uwanja wa Kilimanjaro. Ni ya upesi, na bei yake yajulikana kwa uzito wake.

Kutoka Moshi magari hupita Himo hadi Marangu, na lango la Hifadhi liko juu ya hapo. Hapo ndipo haraka yote iachwe. Mgeni hupanda pamoja na kiongozi aliyeidhinishwa, na ada ya raia ni ndogo sana kuliko ya mtu wa nje. Siku ya kwanza hulala Mandara, mita 2,720. Ya pili Horombo, mita 3,720. Kisha Kibo, mita 4,720 hivi. Karibu na usiku wa manane hutoka kukwea hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Safari nzima, pamoja na kushuka, ni siku tano. Wenye busara huongeza ya sita wakapumzika Horombo.

Sababu ni hewa. Kileleni pumzi moja humpatia mtu kama nusu tu ya oksijeni aipatayo pwani, na mwili wahitaji siku kadhaa ili kuizoea hali hiyo. Anayeharakisha huumwa kichwa, hutapika, na akianza kupepesuka au kukosa pumzi hali amekaa, maisha yake yamo hatarini. Dawa ya kwanza ni kushuka mara moja, hata kama kilele chaonekana. Kijana mwenye nguvu za jembe asidhani yeye amesamehewa. Mara nyingi ndiye anayekwenda mbio.

Tena theluji yenyewe haitungoji. Kati ya mwaka 1912 na 2011 barafu ya Kibo ilipungua kwa asilimia 85 hivi, na iliyosalia yaendelea kupungua. Mwalimu anayefikiri kuwapeleka wanafunzi asiahirishe mno.

Wala si lazima wote wapande. Johannes Rebmann aliiona theluji hiyo kwa mbali tu tarehe 11 Mei 1848, na huko Ulaya wataalamu walimkatalia. Msafiri asiye na fedha za kukwea na alale Moshi, aamke alfajiri, atazame upande wa kaskazini. Asichelewe kwa chai: mara nyingi ifikapo saa nne mawingu yamekwisha kuufunika mlima.