Michoro Iliyotoweka Kiwandani

Katika viwanda vya tumbaku vya serikali ya Ufaransa, miaka ya 1950, karibu kila jambo lilikuwa na kanuni yake. Nafasi za kazi ziligawiwa kwa kufuata miaka ya utumishi, na msimamizi hakuwa na njia ya kumpendelea rafiki wala kumkomoa adui. Ungetarajia siasa za kazini zife kwa kukosa chakula. Mwanasosholojia Michel Crozier, aliyevichunguza viwanda hivyo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, alizikuta zikiwa hai, tena zimenona.

Kilichogoma kufuata kanuni ni mashine. Ziliharibika zilipotaka. Waendesha mashine, wengi wao wanawake, waliumia kazi iliposimama, lakini hawakuruhusiwa kuzigusa. Waliozimudu ni mafundi mitambo peke yao. Michoro na maelekezo ya mashine yalikuwa yametoweka viwandani, na ujuzi ulirithishwa kwa mdomo, fundi kwa fundi. Msimamizi alikuwa na cheo, ila alipokuwa mbele ya mashine iliyokwama hakuwa na la kusema. Fundi hakuwa na cheo kikubwa, lakini kila mtu alimnyenyekea.

Somo la Crozier ni hili: kazini, nguvu humwendea anayeshikilia jambo ambalo wenzake hawawezi kulikadiria. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Ofisini, mla nyama ni anayejua kinoo kilikofichwa. Mtazame mhasibu ambaye peke yake anauelewa mfumo wa mishahara, au karani anayejua faili lako limekwama meza gani. Hawa si lazima wawe na roho mbaya. Wamegundua kwamba siku ujuzi wao utakapoandikwa, watakuwa watu wa kawaida.

Je, tabia ya mtu haina nafasi? Inayo. Mwanasaikolojia David McClelland, wa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kwamba watu husukumwa kwa viwango tofauti na haja tatu: kufanikisha kazi, kupendwa na kuwa na nguvu juu ya wengine. Mwaka 1976, yeye na David Burnham waliandika jambo lililowashangaza wengi: meneja mzuri huwa na haja kubwa ya nguvu kuliko haja ya kupendwa, mradi nguvu hiyo aitumie kwa manufaa ya taasisi badala ya kujikweza mwenyewe.

Meneja anayetaka kupendwa na kila mtu ndiye anayeleta taabu. Leo anamruhusu huyu kuondoka mapema, kesho anamsamehe yule kuchelewa. Kila ruhusa ina huruma ndani yake, lakini wanaotazama hawajui tena kanuni ni ipi. Wasipojua, wanaanza kuusoma uso wa bosi. Hapo ndipo kujipendekeza kunapolipa na majungu yanapopata soko: pasipo na kipimo kinachoeleweka, kumchongea mwenzako huwa njia fupi kuliko kufanya kazi vizuri.

Wakuu wengi hujibu kwa kuongeza kanuni. Viwanda vya Ufaransa vinaonyesha kwa nini hilo halitoshi: kadiri kanuni zinavyobana kila pembe, ndivyo tundu moja lililobaki linavyozidi kuwa na thamani, na anayelikalia anavyozidi kutamba. Dawa yenyewe ni kulipunguza tundu hilo. Kazi nyeti ijulikane na watu wawili au zaidi, na maelekezo yake yaandikwe. Vigezo vya kupandishwa cheo vitangazwe kabla ya nafasi kutokea. Anayepewa ruhusa maalumu, sababu ijulikane na wote.

Kwa hiyo, ofisi yako ikichafuka kwa fitina, usianze kwa kuuliza mchawi ni nani. Uliza ni jambo gani linalojulikana na mtu mmoja tu, na ni nani aliyeacha liwe hivyo. Mara nyingi jibu la swali la pili ni mkuu mwenyewe.